Ushenga wa Kazi, si "Huduma za Ajira za Umma"

Tamko "huduma za ajira za umma" limeanza kuzoeleka katika tafsiri za nyaraka za kazi, na kwa kuwa sijaona aliyelipinga kwa maandishi, nalipinga mimi kabla halijaota mizizi. Kinachokusudiwa msomaji anakijua: ofisi za dola zinazomkutanisha mtafuta kazi na mwajiri bila malipo. Ndizo zinazodaiwa na Mkataba Na. 88 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa San Francisco mwaka 1948, na ndizo ambazo kifungu cha 6 cha mkataba huo kinazipa pia jukumu la kurahisisha safari za wafanyakazi kutoka nchi moja kwenda nyingine, pale serikali husika zinapokubaliana. Ninachouliza ni kama kuna Mswahili atakayeziona ofisi hizo akiyasoma maneno hayo.

Hatoziona. Mtanzania akisikia "ajira za umma" anawaza ualimu, uuguzi na utendaji wa kata. Mtaani wakisema "ajira zimetoka", maana yake serikali imetangaza nafasi. Isitoshe, ipo Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, ambayo kazi yake ni hiyo hasa ya kuzitafutia taasisi za serikali watumishi. Kosa lenyewe ni la kisarufi, na linashangaza kwa kuwa kamati iliyolibariki tamko hilo haikukosa wanasarufi. "Huduma" iko ngeli ya I-ZI. "Ajira" nayo iko ngeli ya I-ZI. Basi hilo "za umma" la mwisho linaning'inia. Halijulikani limeshika nomino ipi. Tungesema "kituo cha ajira cha umma" pasingekuwa na ugomvi, maana "cha" ingemrudisha msomaji kwenye kituo. Wapo waliodhani wameponya kwa kugeuza mpangilio, wakatupa "huduma za umma za ajira". Hizo huduma za umma kwa wasomaji wetu ni maji, zahanati na barabara, na "ajira" inayofuata inasomeka kama nyongeza ya karani.

Kundi la pili linashikilia "uwakala wa ajira". Hapa inabidi turudi nyuma kidogo. Katika Kiarabu wakala ni dhana, yaani hali ya kumtendea mtu kwa niaba yake. Mtendaji ni wakili. Sisi tuliyapokea yote mawili tukayapangia kazi mpya: wakili tukampeleka mahakamani, na wakala tukamfanya mtu, wingi wake mawakala. Kisha Sheria ya Wakala za Serikali ya mwaka 1997 ikairudisha ile maana ya dhana bila kuagizwa na mwanaleksikografia yeyote, tukapata Wakala wa Barabara na ndugu zake. Leo neno hilo limeandikwa kwenye kila kibanda cha kutolea fedha kwa simu. Na kwa binti anayetafutiwa kazi za ndani Muscat au Riyadh, wakala ni yule aliyechukua fedha zake na pasi yake ya kusafiria. Unawezaje kumwambia binti huyo kwamba kinga yake dhidi ya wakala ni wakala?

Mwenzetu mmoja, ambaye adabu inanizuia kumtaja, alipendekeza "udalali wa kazi" na kuutetea kwa nasaba: dalali na dalili ni wa mzizi mmoja wa Kiarabu, wenye maana ya kuonyesha njia. Nasaba hiyo ni sahihi na haitufai kitu. Mpangaji wa Dar es Salaam anayemlipa dalali kodi ya mwezi mzima kwa kuonyeshwa chumba hakumbuki njia wala dalili.

Msamiati wetu wa kazi za mbali, kwa kweli, umetungwa na waajiri. Kibarua ni barua ndogo, cheti alichopewa mtu wa kutwa. Na katika Zanzibar ya karne ya 19 wengi waliobeba cheti hicho walikuwa watumwa waliogawana ujira na mabwana zao. Manamba ni namba alizopewa mkata mkonge. Ofisi iliyomleta Tanga ilikuwa SILABU, iliyoundwa na wakulima wa mkonge mwaka 1944, ikafuata watu Kigoma na Songea, ikavuka mpaka hadi Ruanda-Urundi na Msumbiji. Iliandikisha, ikasafirisha, ikalisha njiani, ikarudisha makwao waliomaliza mkataba. Ukitazama shughuli peke yake utadhani ni hiki tunachokitafutia jina. Tofauti ni kwamba ilikuwa ya mwajiri, na mfanyakazi hakuwa na wa kumuuliza.

Ndiyo maana napendekeza, na nitaendelea kupendekeza, *ushenga wa kazi*. Mshenga hupeleka posa na kurudisha jibu. Hujua habari za huku na kule. Na nyumba ikiingia mtafaruku, wa kwanza kuitwa ni yeye. Sarufi nayo inatulia: ushenga huchukua "wa", kazi huchukua "ya", hivyo katika "ushenga wa kazi wa umma" hakuna mashaka kwamba cha umma ni ushenga.

Nimejibiwa kwamba mshenga hutumwa na upande mmoja, na kwamba pengine hupewa chochote. Pingamizi hili lilitolewa kwa sauti ya ushindi ambayo haikustahili. Mshenga akipewa, hupewa na aliyemtuma. Bibi harusi hatozwi kwa kuposwa. Na hivyo ndivyo Mkataba Na. 181 wa mwaka 1997 unavyozikataza kampuni binafsi, kama kanuni, kumtoza mfanyakazi ada, iwe kwa wazi au kwa kuzunguka. Mhariri mmoja, badala ya hoja, alinichapia "ushanga wa kazi". Sikumwandikia.

Anayetaka kuuona ushenga huo ukifanya kazi atazame EURES, mtandao wa Ulaya wa ofisi za namna hii, ulioundwa mwaka 1993. Zaidi ya watu 200,000 huvuka mpaka kutoka Ufaransa, Ubelgiji na Ujerumani kwenda kufanya kazi Luxembourg na kurudi kulala kwao. Mtu wa namna hiyo "hakuhama", kwa hiyo naomba asiitwe "mfanyakazi mhamiaji", jina ambalo kwetu limekwisha kunuka rumande. Mshauri wa EURES humwambia kodi inalipwa wapi, bima ya afya inamfuata vipi, na posho ya watoto inadaiwa nchi ipi. Maswali hayo hujitokeza baada ya kazi kupatikana, na "uwakala" hauna neno juu yake, kwa sababu wakala akishalipwa keshaondoka.

Kwetu, Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika Julai 1, 2010, na kifungu chake cha 10 kinazungumzia uhuru wa wafanyakazi kwenda nchi yoyote mwanachama. Anayevuka Namanga hukutana na watu wa uhamiaji na wa forodha. Maneno ya hao tulishayatunga zamani, na wanayo milango yenye vibao; mshenga wa kazi ndiye ambaye bado hana neno.

Kuhusu matumizi, kwa ufupi: mtendaji ni mshenga wa kazi, wingi washenga, mahali ni ofisi ya ushenga, anayevuka na kurudi ni mfanyakazi wa ng'ambo ya mpaka, mpaka nipate neno fupi zaidi. TaESA ya Tanzania na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira ya Kenya zibaki na majina yake ya kisheria. Kifupisho kisitungwe.