Maneno Mawili Yaliyovuka Mto Kagera

Sisi tukaao Ngara na Biharamulo twajua ya kuwa ng'ambo ya mto Kagera ni Rwanda. Kutoka huko yametufikia maneno ya namna mbili, na yafaa tuyapime, maana yatufundisha jinsi ipasavyo kusema na wenzetu.

La kwanza lilitoka Gahini. Mwaka 1929 Joe Church, daktari wa hospitali ya huko, alikutana na Simeoni Nsibambi katika Namirembe, Uganda, wakasoma Maandiko na kuomba pamoja. Mwaka 1936 uamsho ukawaka Gahini, kisha ukafika Bugufi, Katoke na Bukoba. Alama yake ilikuwa usemi. Aliyemwibia jirani alimwendea akamwambia. Mume alimtaka mkewe radhi. Mwafrika na Mzungu walielezana yaliyofichwa moyoni. Lakini hata jambo jema lina adabu yake. Wako walioungama mbele ya mkutano makosa ya wenzao pamoja na yao, fitina ikaingia nyumbani. Kuungama kweli ni kutaja dhambi yangu, si ya jirani.

La pili lilitoka katika Rwanda ile ile. Julai 1993 redio RTLM ilianza kutangaza. Ilikuwa na muziki na mzaha, watu wakaipenda. Na ndani ya mzaha Watutsi wakaitwa mende. Mtu akiisha kuitwa mdudu, kumwua huonekana si dhambi. Aprili 1994 mauaji yakaanza, kisha tarehe 28 na 29 watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara. Wengi walikimbia vita, na kati yao walikuwamo waliomwaga damu. Benaco ikawa mji wa mahema. Desemba 2003 mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha iliwatia hatiani waanzilishi wawili wa redio hiyo, na mhariri wa gazeti Kangura. Waamuzi waliona ya kuwa neno laweza kuua kama panga.

Tofauti ya maneno hayo iko wapi? Neno la Gahini lilisemwa uso kwa uso, na msemaji alijishtaki mwenyewe. Neno la redio lilisemwa nyuma ya mtu, nalo lilimvua jina lake. Bwana wetu alituagiza kumwendea ndugu aliyetukosea tukiwa naye peke yetu, na Yakobo akaufananisha ulimi na cheche iwashayo msitu.

Wasomaji wapenzi, wala tusidhani ya kuwa hayo ni ya redio tu. Huanzia jikoni na kilabuni, tumwitapo jirani mchawi, au mgeni takataka. Basi kabla ya kumnena mtu, na tujiulize mawili: Je, nimekwisha kumwambia mwenyewe? Je, ningemwita hivi akiwapo?