Nusu karne ya chanjo: Kutoka lawalawa ya Singida hadi Gwajima wawili

Mpango wa Taifa wa Chanjo ulianza mwaka 1975, na sasa umevuka nusu karne. Mtoto anayezaliwa leo Mgori, kata ya Halmashauri ya Wilaya ya Singida yenye jina moja na msitu wake, ratiba yake inajulikana hata kabla hajapewa jina. Akizaliwa tu, BCG na matone ya polio. Wiki ya 6, ya 10 na ya 14, sindano za mapajani za kumkinga na donda koo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini na nimonia, na matone mengine. Miezi 9, surua-rubela, na akifika miezi 18 anarudia.

Mafanikio yake yanajulikana kwa sababu yanasomwa kwenye kila hotuba. Ndui ilikwisha duniani. Mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa kwa njia ya kawaida alipatikana Merca, Somalia, mwaka 1977. Kirusi cha asili cha polio hakijaonekana nchini tangu 1996. Pepopunda ya watoto wachanga ilitangazwa kudhibitiwa mwaka 2012. Chanjo za nimonia na za kuhara kwa rotavirusi ziliingia 2013.

Kisichosomwa kwenye hotuba ni mashaka. Kwa kawaida mashaka hutajwa kwa neno moja, "elimu", kwamba wananchi hawana elimu, wapewe elimu. Ukiyafuatilia mashaka hayo mwaka baada ya mwaka, unakuta mara nyingi yamezaliwa siku ambayo mkubwa fulani ameamuru bila kueleza, au ameeleza jambo leo na kesho akaeleza kinyume chake. Mwanakijiji kwa kawaida huwa wa mwisho kuyapokea.

Singida ina mfano wake, mkongwe kuliko WhatsApp, na wala haukuanza na sindano. Unaitwa lawalawa.

Mtoto wa kike anawashwa, anatokwa na uchafu sehemu za siri, analia akikojoa. Kwenye zahanati ataambiwa ana UTI au fangasi, atapewa dawa na mama yake ataelekezwa usafi, jambo rahisi kulisema kuliko kulitenda mahali ambapo maji yanafuatwa mbali. Lakini katika vijiji vingi vya Singida na Dodoma ugonjwa huo ulihesabiwa kuwa ni adhabu ya mizimu, na dawa yake ikawa moja tu: kumkeketa mtoto.

Chantal Ali na Agnete Strøm, walioandika kuhusu lawalawa mwaka 2012, ndio ninaowategemea hapa, na nakiri kwamba wamenivuta upande wao. Wanachosisitiza ni muda. Wazee waliohojiwa walikumbuka kwamba zamani lawalawa haikuwapo. Ilianza kusikika mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati serikali ya baada ya Azimio la Arusha ilipoanza kuikemea mila ya ukeketaji. Jando la wasichana, lililokuwa na msimu wake, ngoma zake na somo zake, likaitwa ushamba. Mizimu, watu wakasema, imekasirika kwa sababu mila imeachwa, na inawaadhibu watoto. Kwa hiyo amri ya kuacha ukeketaji ilizaa ugonjwa ambao tiba yake ni ukeketaji. Hakuna mwanasiasa ambaye angeweza kutunga mtego mzuri zaidi ya huo.

Mwaka 1998 ikaja Sheria ya Makosa ya Kujamiiana, iliyofanya kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18 kuwa kosa la jinai, kifungo kikianzia miaka 5 hadi 15. Sheria ilikuwa ya lazima. Sina ubishi nayo. Ila ilipofika vijijini ilikuta njia imeshachongwa. Binti wa miaka 12 anaweza kusema shuleni. Mtoto wa miezi mitatu hasemi. Umri ukashuka, wembe ukahamia kwa wachanga, na lawalawa ikawa sababu inayoweza kutolewa hata mbele ya jirani mwenye mashaka. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulikuta takriban wanawake 31 kati ya kila 100 wa umri wa kuzaa mkoani Singida wamekeketwa, wakati wastani wa nchi nzima ulikuwa 10.

Hapo ndipo lawalawa inapokutana na chanjo. Kliniki ya watoto ni mahali ambapo mtoto anavuliwa nguo, anatundikwa kwenye mizani, anatazamwa. Mama aliye na kichanga chenye kidonda ana sababu nzito ya kukaa nyumbani siku hiyo. Kadi yake ikibaki na mraba mtupu penye wiki ya 10, mtakwimu wa wilaya ataandika "mtoro wa chanjo", na kwenye semina itasemwa kwamba wananchi wanaogopa sindano.

Ali na Strøm wanasema pia jambo la kutia moyo, ambalo wanaharakati wa Dodoma na Singida wanalijua vizuri. Pale watu walipoambiwa waziwazi kwamba lawalawa ni maambukizi, na mtoto akapewa dawa akapona, imani ilianza kulegea yenyewe. Bibi aliyemwona mjukuu amepona kwa dawa za zahanati hakuhitaji kongamano.

Hofu ya sindano na vidonge vya serikali, kwa ujumla wake, ina ukoo mrefu. Enzi za ukoloni watu wa Afrika Mashariki walisimuliana habari za mumiani, wanyonya damu waliodaiwa kushirikiana na hospitali na magari ya zimamoto. Na mpaka leo kuna wazazi wanaoamini kwamba mtoto mwenye degedege akichomwa sindano anakufa, kwa hiyo aanzie kwa mganga.

Agosti 2008 hofu hiyo ililipuka Morogoro. Wanafunzi wa shule za msingi walipewa vidonge vya kichocho na minyoo darasani. Walimu walipima urefu wa mtoto kwa fimbo yenye alama, alama ikasema vidonge vingapi. Dawa ya kichocho ikimezwa na tumbo tupu huleta kichefuchefu na kizunguzungu, na watoto wengi huja shuleni bila kula. Baadhi wakatapika, wengine wakaanguka, na kabla ya saa sita mchana mji ulishajaa habari kwamba watoto wanakufa. Wazazi wakavamia shule, polisi wakaitwa. Mtafiti Julie Hastings, aliyefuatilia kisa hicho baadaye, alikuta wazazi hawakuwa wameelezwa vya kutosha, na waliogawa dawa walikuwa walimu, watu ambao mzazi hawezi kuwauliza swali la kitabibu akajibiwa.

Kenya nako, mwaka 2014, maaskofu wa Kanisa Katoliki waliishutumu kampeni ya pepopunda kwa wanawake wa miaka 14 hadi 49 kwamba chanjo imetiwa homoni ya ujauzito ili kuwafunga uzazi. Serikali, Shirika la Afya Duniani na UNICEF walikanusha. Mwaka uliofuata maaskofu hao hao wakataka kampeni ya polio isusiwe. Waliotoa tuhuma walikuwa maaskofu na madaktari wenye shahada, wakizungumza mbele ya kamera jijini Nairobi. Sijui kwa nini kwenye mijadala yetu anayelaumiwa huwa ni mama wa kijijini.

Kwetu, kilele kilikuwa 2021, na kiliwahusu watu wawili wenye jina moja la ukoo.

Kwanza tukumbuke hali ilivyokuwa. Mei 3, 2020, Rais John Magufuli akiwa Chato kumwapisha Mwigulu Nchemba, mbunge kutoka mkoa wetu huu wa Singida, alieleza jinsi sampuli za papai na mbuzi zilivyopelekwa maabara kwa siri na kurudi na majibu ya korona. Takwimu za ugonjwa zikaacha kutolewa. Januari 27, 2021, hukohuko Chato, akizindua shamba la miti, alisema chanjo hazifai, na kwamba kama wazungu wangekuwa na uwezo huo wangekuwa wameshaleta ya Ukimwi. Siku chache baadaye, Februari 1, Waziri wa Afya, Dk Dorothy Gwajima, alisema serikali haina mpango wa kupokea chanjo ya korona, na mbele ya waandishi wa habari akaonyesha namna ya kusaga kinywaji cha tangawizi, vitunguu na ndimu.

Magufuli alifariki Machi 17. Julai 24 ikatua Dar es Salaam shehena ya dozi 1,058,400 za Janssen kutoka Marekani, na aliyekuwa akiitetea sasa alikuwa Dk Gwajima yuleyule. Julai 28 Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa hadharani Ikulu, akisema yeye ni mama, bibi, mke na Amiri Jeshi Mkuu, asingejiingiza kwenye hatari akiijua.

Akainuka Askofu Josephat Gwajima, kiongozi wa Kanisa la Ufufuo na Uzima na wakati huo Mbunge wa Kawe kwa tiketi ya CCM. Jumapili baada ya Jumapili alihubiri kwamba hatachanja, akahoji madhara ya muda mrefu, na akadai kwamba walioipitisha chanjo wamepewa fedha. Video zake zikasambaa kwenye simu kuliko tangazo lolote la wizara. Waziri akamtaka alete ushahidi, kisha Agosti 17 akaagiza Polisi na Takukuru wamkamate na kumhoji. Nchi ikawa inatazama Gwajima dhidi ya Gwajima, wote wabunge wa chama kimoja, na utani wa mitandaoni haukuwa na mwisho.

Spika Job Ndugai alimwita Askofu mbele ya Kamati ya Haki, Maadili na Madaraka ya Bunge. Aliitwa pamoja na Jerry Silaa, aliyekuwa Mbunge wa Ukonga, ambaye kosa lake lilihusu kodi ya mishahara ya wabunge, kitu kisichohusiana kabisa na chanjo. Agosti 31 Bunge liliwasimamisha wote wawili wasihudhurie mikutano miwili.

Adhabu ilijibu swali la nidhamu. Swali la mzazi halikujibiwa. Mama aliyeambiwa Februari na waziri kwamba chanjo haihitajiki, na Agosti akaambiwa na waziri huyohuyo kwamba anayeipinga akamatwe, alikuwa na haki ya kuuliza kilichobadilika ni nini. Ni kweli kwamba chanjo ya korona ilikuwa ya watu wazima. Lakini mwaka 2022, polio ilipogunduliwa Malawi na wachanjaji wakaanza kupita nyumba kwa nyumba na matone ya watoto, walibisha hodi kwenye milango ileile iliyosikia yote hayo. Januari mwaka huo Dk Gwajima alikuwa ameshahamishiwa wizara inayoshughulikia maendeleo ya jamii, jinsia na wanawake, ambayo miongoni mwa kazi zake ni vita dhidi ya ukeketaji. Lawalawa, kwa maneno mengine, ikaangukia mezani pake.

Mengine ya miaka hii ni mafupi. Chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi, iliyozinduliwa nchini kote Aprili 2018 kwa wasichana wa miaka 14, ilipokewa na uvumi wa ugumba. Tangu 2024 inatolewa dozi moja kwa wa miaka 9 hadi 14. Na kwenye magrupu ya wazazi inazunguka habari ya chanjo na usonji, iliyotokana na makala ya daktari Mwingereza Andrew Wakefield ya 1998 kuhusu watoto 12. Jarida la Lancet liliifuta mwaka 2010 na mwandishi akanyang'anywa leseni. Chanjo aliyoilaumu ina kinga ya matumbwitumbwi ndani yake, haimo hata kwenye ratiba yetu.

Wakati huohuo, kitu kinachomrudisha mama nyumbani bila chanjo mara nyingi ni kidogo mno. Chupa ya surua-rubela ina dozi 10. Ikishachanganywa na maji yake, zikipita saa sita inamwagwa. Wamekuja watoto watatu. Nesi anahesabu, anaogopa kuulizwa na wilaya kuhusu dozi zilizopotea, anasema rudini Jumatano. Mama ametembea na mtoto mgongoni asubuhi nzima. Hajaambiwa habari ya saa sita. Ameambiwa "rudini". Akifika nyumbani na mama mkwe akauliza mbona mtoto hakuchomwa, atajibu nini? Kwenye kichupa cha polio kuna hata alama ya mraba ndani ya duara ambao hugeuka mweusi chanjo ikiharibiwa na joto, kitu ambacho mzazi yeyote angeweza kuonyeshwa kwa dakika moja akajionea mwenyewe kwamba dawa ni nzima. Ni wangapi wamewahi kuonyeshwa?

Na watu wa Mgori si watu wasioweza kuelezwa jambo wakaelewa. Katikati ya miaka ya 1990 serikali ilitaka kuutenga msitu wao kuwa hifadhi yake. Wanavijiji walikataa, na baada ya mazungumzo marefu vijiji vitano vikakabidhiwa kuulinda wenyewe, kila kijiji kipande chake, na sheria ndogo na walinzi wao. Maofisa na watafiti wa misitu kutoka nje ya nchi walikuja kujifunza kwao. Walijadili mipaka, faini, ukataji wa magogo na uchungaji, mambo magumu kuliko kueleza chupa ya dozi 10, na walijadili kwenye mikutano ya vijiji. Sheria ya serikali za mitaa inautaka mkutano mkuu wa kijiji ukae walau kila baada ya miezi mitatu. Mganga mfawidhi wa zahanati anaweza kuingizwa kwenye ajenda, aje na chupa mkononi, na aruhusiwe kuulizwa.