Friza ya mtumba isiyogandisha: Yachunguze haya kabla ya kulipia gesi

BIASHARA nyingi za vyakula mjini Kitengela, tangu bucha zilizo kandokando ya barabara kuu ya Nairobi kuelekea Namanga hadi vibanda vya kuku na samaki ndani ya mitaa, hutegemea friza iliyokwisha kutumika kwingine. Bei yake ni nafuu kuliko ya mpya, na aghalabu fedha za kuinunua hutoka katika chama au mkopo mdogo. Ndiyo sababu friza inapofikishwa dukani, ikaunguruma usiku kucha na nyama ikapatikana laini asubuhi, hasara haiwi ya chombo pekee.

Magazeti hupenda neno jokofu. Sokoni, hata hivyo, watu husema friji wakimaanisha kabati lenye mlango, na friza wakimaanisha sanduku refu lenye mfuniko juu. Tofauti hiyo ina maana, kwa kuwa mabomba ambayo katika friji nyingi za zamani huonekana mgongoni, katika friza hufichwa ndani ya kuta zake. Mnunuzi asiyelijua hilo huweza kudanganywa kwa urahisi.

Friza iliyo salama yapaswa kufikia nyuzi 18 za Selsiasi chini ya sufuri na kubaki hapo. Ikishindwa, mafundi wengi hutaja gesi kabla hata hawajainama kuitazama kompresa. Lakini gesi ya friza haiishi kama mafuta ya taa katika stovu. Huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa pande zote, na friza iliyoundwa vizuri huweza kukaa miaka 15 au zaidi bila kuongezwa gesi hata mara moja. Ikipungua, ina mahali inapovujia, na fundi anayejaza bila kupatafuta mahali hapo atalipwa tena baada ya wiki chache kwa kazi ile ile.

Kompresa huikandamiza gesi hadi ikawa na joto. Gesi hiyo hupita katika mabomba yaliyo chini ya bati la nje, ikatoa joto lake na kugeuka kuwa maji. Maji hayo husukumwa katika bomba jembamba mno la shaba, kisha huchemka na kurudi kuwa gesi katika mabomba yanayozunguka sanduku la ndani, na huko ndiko yanakofyonza joto la nyama. Kwa hivyo kuta za nje za friza nyingi zikipata joto baada ya muda wa kufanya kazi, hiyo ni dalili njema. Anayezifunika kwa blanketi au kuisukuma friza hadi ikagusa ukuta huwa anaizuia kupumua.

Safari ya kuja dukani nayo yaweza kuleta matatizo. Friza nyingi husafirishwa kwa pikapu zikiwa zimelazwa ubavu, na mafuta yaliyomo ndani ya kompresa hutiririka kuingia katika mabomba. Iliyosafirishwa hivyo yafaa isimamishwe wima kwa saa kadhaa, na iliyolala kwa muda mrefu isubiri hata siku nzima, ndipo iunganishwe na umeme. Kuiwasha mara tu inaposhushwa garini ni kuihatarisha kompresa.

Umeme kwanza

Umeme wa Kenya ni wa volti 240 na mizunguko 50 kwa sekunde. Kibandiko cha friza, ambacho huwa nyuma yake au karibu na kompresa, hueleza chombo kiliundiwa umeme gani. Kinachosema volti 115 na mizunguko 60 kilitoka Marekani au nchi nyingine ya mfumo huo, na cha volti 100 huenda kilitoka Japani. Transfoma yaweza kushusha volti, lakini haibadilishi mizunguko, na mota ya kompresa iliyoundiwa mizunguko 60 huzunguka polepole na kupata joto jingi. Friza ya namna hiyo ni afadhali iachwe kwa muuzaji.

Zilizotoka bara Ulaya huwa na plagi ya miguu miwili ya duara. Kuna wanaoichomeka katika soketi ya matundu matatu kwa kulifungua tundu la juu kwa kalamu. Hapo waya wa kutuliza umeme ardhini huwa haujaunganishwa kabisa, na mguso wenyewe huwa hafifu hata soketi ikayeyuka. Plagi ibadilishwe kwa ile ya miguu mitatu yenye fyuzi.

Soketi ijaribiwe kwa birika la umeme au pasi. Chaja ya simu hutumia umeme mdogo mno, nayo itawaka hata pale ambapo friza haiwezi kuanza. Ekstensheni ndefu yenye waya mwembamba hula volti njiani, na kompresa huhitaji mkupuo mkubwa wa umeme wakati wa kuanza. Katika majengo ambako vyumba vingi vimeunganishwa kwa waya mmoja, volti huweza kushuka jioni watu wanapopika, na friza iliyokuwa ikifanya kazi saa nane mchana ikakataa saa mbili usiku. Fundi apime volti kwenye soketi wakati kompresa inapoanza. Kipimo cha wakati imetulia hakimwelezi mengi.

Umeme ukipotea na kurudi ghafla, kompresa hukuta shinikizo la gesi bado halijasawazika na hushindwa kuanza. Kifaa cha kulinda friji, ambacho husubiri dakika kadhaa kabla ya kuruhusu umeme kupita, huzuia madhara hayo. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na kompresa mpya.

Sikiliza kompresa

Ikiwa friza iko kimya kabisa, mambo ya kuchunguza ni plagi, fyuzi, waya, na kitufe cha kupimia baridi, yaani thamostati, ambacho huenda kiligeuzwa hadi sufuri wakati wa kubebwa. Thamostati yenyewe huharibika pia, na fundi mwenye mita huweza kuijaribu kwa dakika chache.

Yapo malalamiko mengine ambayo wengi huyatafsiri vibaya. Kompresa huvuma kwa sekunde chache, ukasikika mlio wa "tik", ikanyamaza, kisha baada ya dakika kadhaa ikarudia. Mlio huo ni wa kifaa cha usalama kinachokata umeme mota inaposhindwa kuzunguka. Huenda volti ni ndogo. Huenda relei ya kuwashia, kidude kidogo kilichochomekwa ubavuni mwa kompresa, imeungua. Ikitolewa na kutikiswa, iliyovunjika ndani mara nyingi husikika ikichacharika. Kapasita yaweza kuwa imekufa. Ni baada ya hayo matatu kuondolewa ndipo kompresa yenyewe ishukiwe kuwa imekwama. Relei ni kitu cha bei ndogo, na mwenye friza anayeambiwa mara moja kwamba kompresa imekufa ana haki ya kuuliza kama relei imejaribiwa. Kazi hii si ya mwenye duka: kapasita huweza kuhifadhi umeme hata plagi ikiwa imetolewa.

Kompresa ikizunguka bila kukoma na bado hakuna baridi, mikono ndiyo hupima. Kuta za nje zikiwa baridi kama bati lolote, na ndani nako hakuna ubaridi, basi ama gesi imevuja ama kompresa haisukumi tena. Barafu ikishika sehemu moja tu ya kuta za ndani na kwingine kukabaki kukavu, gesi imepungua. Friza ikigandisha vizuri, ikayeyuka, kisha ikagandisha tena bila mtu kuigusa, huenda unyevu umeingia katika mfumo na unaganda ndani ya lile bomba jembamba na kuliziba.

Lakini kuta zikiwa na joto na ndani kukawa na ubaridi usiotosha, mashine huenda haina ugonjwa wowote. Mpira wa mfuniko uchunguzwe kwa kipande cha karatasi: kifungiwe, kisha kivutwe, kikitoka bila kukwama, hewa inaingia hapo. Barafu ya ndani ikizidi unene wa sentimita moja iyeyushwe, kwa kuzima friza na kuacha mfuniko wazi. Kisu kisitumike kamwe. Tundu moja linalotobolewa na ncha yake katika ukuta wa ndani huifanya friza nzima kuwa chuma chakavu.

Joto la Kajiado na uzito wa nyama

Kibandiko kile kile huwa na herufi zinazotaja hali ya hewa ambayo friza iliundiwa. SN na N ni za mahali pasipozidi nyuzi 32, ST hufikia 38, na T hufikia 43. Nyingi zilizotumiwa majumbani Ulaya ni za SN au N. Kivulini mjini Kajiado zaweza kutosha, ila ndani ya kibanda cha mabati adhuhuri ya Februari mambo huwa mengine. Aliyeinunua mwezi Julai, baridi ikiwa imetanda katika uwanda wa Kitengela na Isinya, huenda asilione tatizo hilo hadi Januari. Vumbi nalo hujaa pale kompresa ilipo na kuzuia hewa; lipanguswe mara kwa mara, plagi ikiwa imetolewa.

Kisha kuna uzito. Kibandiko kikisema, kwa mfano, kilo 15 kwa saa 24, maana yake ni kwamba friza inaweza kugandisha kilo 15 za chakula kipya kwa siku, hata kama nafasi yake yatosha kilo 150. Kugandisha ndiko kunakokula nguvu. Kuigeuza lita moja ya maji yaliyo sufuri kuwa barafu huhitaji kuondoa joto karibu sawa na la kuyashusha maji hayo kutoka nyuzi 80 hadi sufuri. Mwenye bucha anayerundika mbuzi watatu waliochinjwa asubuhi, nyama ingali na joto la mwili, hulaumu gesi bure. Nyama ipozwe kwanza na iingizwe kwa mafungu.

Gesi ikithibitika kuvuja

Aina ya gesi imeandikwa kwenye kibandiko. R12, ya friza kongwe, iliharibu tabaka la ozoni na matumizi yake yalikomeshwa katika nchi zinazostawi kufikia 2010 chini ya Mkataba wa Montreal wa 1987. Iliyofuata, R134a, haidhuru ozoni lakini huongeza joto la dunia, na Marekebisho ya Kigali ya 2016 yanataka ipunguzwe. Friza nyingi za karibuni hutumia R600a, ambayo hushika moto. Kiasi chake ni gramu makumi machache tu, na aina moja haijazwi mahali pa nyingine. Fundi anayekaribia friza ya R600a na moto wa kuchomelea kabla ya kuiondoa gesi katika chumba chenye hewa hafai kuruhusiwa kuendelea.

Kazi kamili ni kutafuta tundu, kuliziba, kubadilisha kichujio cha unyevu, kuvuta hewa yote kwa pampu, ndipo kujaza kwa mizani. Tundu likiwa ndani ya povu la kuta, gharama ya kulifikia huzidi thamani ya friza, na hapo ushauri wa haki ni kuiacha.

Kwa sababu hiyo friza ijaribiwe kwa muuzaji ikiwashwa kwa saa kadhaa, bakuli la maji likiwa ndani, wala mnunuzi asiridhike na mvumo wa dakika tano. Risiti itaje namba ya chombo na muda wa dhamana. Sheria ya Kulinda Wateja ya 2012 inamlinda mnunuzi, na mahakama za madai madogo zilizowekwa na sheria ya 2016 husikiliza kesi zisizozidi Sh1 milioni, ila bila risiti madai ni magumu kuthibitisha.

Wakati fundi anasubiriwa, mfuniko usifunguliwe. Friza iliyojaa huhifadhi baridi yake kwa takriban saa 48, na iliyojaa nusu kwa saa 24. Nyama ambayo bado ina chembe za barafu, au iliyo chini ya nyuzi 4, yaweza kugandishwa tena ingawa ladha yake itapungua. Iliyopita nyuzi hizo kwa zaidi ya saa mbili itupwe, hata kama haijaanza kunuka.