Kosa la 2014, onyo la 1978

Leo tuzungumzie wachunguzi wa msimbo, zile programu zinazosoma programu nyingine na kulalamika. (Nasema msimbo. Nikisema kodi, mtadhani nawaletea habari za KRA.)

Tarehe 21 Februari 2014, Apple ilitoa iOS 7.0.6 kuziba tundu moja baya. Kwenye msimbo unaohakikisha kwamba tovuti unayozungumza nayo ndiyo yenyewe, mstari mmoja, goto fail;, ulikuwa umeandikwa mara mbili mfululizo. Wa kwanza ulikuwa chini ya sharti la if. Wa pili haukuwa na sharti lolote, ingawa ulisogezwa ndani sawasawa na mwenzake hata jicho likadanganyika. Kwa hiyo programu iliruka kila mara, ukaguzi wa mwisho wa sahihi haukufikiwa kamwe, na kwa kuwa hadi hapo hakuna kosa lililokuwa limepatikana, jibu likarudi kwamba mambo ni shwari. Mtu aliye kwenye mtandao mmoja nawe, tuseme Wi-Fi ya mkahawa, angeweza kujifanya benki yako. Wenye Mac walisubiri dawa siku 4 zaidi.

Sasa turudi nyuma miaka 36. Mwaka 1978, huko Bell Labs, Marekani, Stephen Johnson (ndiye huyo huyo wa yacc) aliandika maelezo ya programu aliyoiita lint, yaani zile nyuzinyuzi zinazonata kwenye nguo. Lint ilisoma msimbo wa C bila kuuendesha, ikiokota takataka: majina yaliyotangazwa yasitumike, thamani zinazotumika kabla ya kuwekwa, na kadhalika. Na ililalamika pia ikikuta amri isiyo na lebo inayofuata mara tu baada ya goto, kwa sababu hakuna njia ya kuifikia. Soma tena sentensi hiyo. Ndilo kosa la Apple, kama lilivyo!

Basi ilikuwaje likapita? Johnson aliitenga lint na kompaila kwa makusudi. Kompaila iliachiwa kazi ya kutoa programu upesi, na lint ikachunguza kwa utulivu, mwandishi akitaka. Kwa tarakilishi za enzi zile ulikuwa uamuzi wa busara, ila hilo "akitaka" ndilo lililotuponza. Hata Clang, kompaila ya Apple yenyewe, ilikuwa na onyo la msimbo usiofikika, -Wunreachable-code, lakini mwaka ule halikuwemo kati ya yale yanayowashwa na -Wall. Jina linadai "yote", nawe unaamini.

Kipande kilichokosekana kilitoka kwingine kabisa. Mwaka 2001 ikaja CruiseControl kutoka kwa watu wa ThoughtWorks: mabadiliko yakiingia, seva inajenga programu nzima upya na kuipima bila kuombwa. Kohsuke Kawaguchi akatoa Hudson mwaka 2005 akiwa Sun Microsystems. Baada ya mvutano na Oracle, mwaka 2011 ikawa Jenkins. Hapo mchunguzi akapata kazi ya kudumu, maana seva haichoki wala haina haraka ya kwenda nyumbani Ijumaa jioni.

Lakini washa mchunguzi kwenye mradi wenye miaka kumi uone. Maonyo yatamiminika kama mvua ya Aprili, na wiki ya pili hakuna anayeyasoma. SonarQube, iliyoanza ikiitwa Sonar na ambayo kampuni yake ilianzishwa Uswisi mwaka 2008, ina jibu ninalolipenda: lango la ubora linalohukumu msimbo mpya tu. Wa zamani unasubiri hadi mtu auguse. Kwangu mimi wazo hilo lina thamani kuliko kanuni zake zote, kwa sababu linafanya onyo liwe dogo kiasi cha kusomeka.

Tena kusoma ni tofauti na kutii. Mwaka 2006 mtunzaji wa OpenSSL upande wa Debian alitaka kunyamazisha malalamiko ya Valgrind, ambayo huchunguza programu ikiwa inaendeshwa, kuhusu kumbukumbu isiyojazwa. Akaondoa mistari miwili. Mmoja haukuwa na madhara. Mwingine ndio uliokuwa ukichanganya mbegu za namba za nasibu, na bila huo kilichobaki kikibadilika ni namba ya mchakato tu, yaani takriban funguo 32,768 kwa kila aina na ukubwa. Valgrind ikanyamaza na kila kitu kikaonekana safi. Luciano Bello akaligundua tatizo, likatangazwa tarehe 13 Mei 2008, na wasimamizi wa seva wakaanza kutengeneza funguo upya, hata kwenye mashine zisizo za Debian, mradi tu zilikuwa zimepokea ufunguo uliozaliwa huko.