Swichi ya Saa na Swichi ya Muda

Swichi hizi mafundi wengi huziita taima, na dukani ukiomba taima utaulizwa ya nini. Wauzaji wana haki ya kuuliza, maana jina hilo moja limebeba vifaa viwili. Kipo cha ngazi za ghorofa: unabonyeza, taa inawaka dakika chache, kisha inajizima. Hicho huhesabu muda tangu kilipobonyezwa. Usiku na mchana kwake ni mamoja. Kingine hufuata saa za siku, kikawasha taa za nje jioni na kuzizima alfajiri, uwepo usiwepo. Cha kwanza kiitwe swichi ya muda, cha pili swichi ya saa.

Swichi ya saa ninayoieleza hapa iitwe ya analogi, ili kuitenga na ya dijitali yenye tarakimu kwenye kioo. Jina la "ya mishale" lingependeza zaidi, ila kwenye nyingi kinachozunguka ni sahani yenyewe; mshale umechorwa tu pembeni wala hausogei.

Sahani hiyo humaliza mzunguko mmoja kwa saa 24. Ya kawaida ina vijino 96 ukingoni, kila kimoja dakika 15. Ukitaka taa ziwake kuanzia saa kumi na mbili na nusu jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi, unapanga vijino 46. Hapa ndipo wengi huteleza: namba za sahani huanzia usiku wa manane, kwa hiyo saa kumi na mbili yetu ya jioni ni 18. Anzia penye 12 uone taa zikiwaka jua la utosi.

Ndani mna mota ndogo inayofuata mapigo ya umeme wa gridi, hezi 50. Volteji ikishuka kidogo, haichelewi. Umeme ukikatika, inasimama. Ukirudi baada ya saa tatu, inaendelea pale ilipoishia, na taa zitachelewa saa tatu kila siku hadi mtu aizungushe sahani kwa mkono. Penye mgao wa umeme, mimi nisingenunua isiyo na betri ya akiba, hata kama ni rahisi.

Halafu kuna ampea 16 zilizoandikwa ubavuni. Hizo ni za mzigo kama hita ya maji. Pampu huvuta mkondo mkubwa zaidi inapoanza, na huo huunguza kontakti za ndani ya swichi. Mwachie kontakta, yaani swichi kubwa inayoendeshwa kwa umeme, aibebe pampu. Swichi ya saa imwamrishe tu.