NDA Ni Nini? Rada za Kujua Kabla Umwage Siri ya Hustle Yako

Una resipe ya sosi inafanya mtaa mzima upige foleni kwa smokie zako. Ama unajenga app, na kuna msee wa doh anataka kuiona kabla aweke pesa. Swali ni moja tu: ukishamwonyesha, ni nini itamzuia kwenda kuifanya bila wewe? Hapo ndio NDA inaingia.

NDA ni nini?

Ni mkataba wa kutunza siri. Mtu anasaini kwamba kile utamwambia hatakisambaza wala kukitumia kwa mambo yake. Kuna ya upande mmoja, wewe ukitoa siri peke yako, na kuna ya pande zote. Akivunja, unampeleka korti uitishe fidia, ama unaomba jaji amzuie kabla mambo yasambae.

Si kuna hakimiliki?

Iko, lakini hakimiliki inalinda kazi yenyewe, kama wimbo ama kodi ya app. Wazo tupu hailindi. Hataza inalinda uvumbuzi kwa miaka 20, lakini lazima uueleze wazi, na muda ukiisha kila mtu anajisaidia. Siri haina tarehe ya kuisha, bora ibaki siri.

Cheki Coca-Cola. Wanauza tangu 1886 na fomula yao hawajawahi kuitangaza. 2006, mfanyakazi wao na wenzake walijaribu kuuzia Pepsi siri za kampuni. Pepsi wakawachoma, na 2007 huyo mfanyakazi akapigwa miaka 8 jela.

Siri yako inahesabika lini?

Sheria za biashara za dunia zinaangalia vitu 3: haijulikani na watu wa hiyo kazi, inakuletea ganji juu ni siri, na umejaribu kuilinda. Kama orodha ya wateja wako iko kwa grupu ya WhatsApp ya watu 200, NDA haitakuokoa.

Weka nini ndani?

- Majina kamili ya wenye wanasaini. Kama ni kampuni, jina lenye imesajiliwa nalo.
- Aina ya siri: resipe, bei ya kununua, orodha ya wateja, kodi. "Kila kitu" haitoshi. Na usiandike resipe yenyewe humo ndani!
- Anaruhusiwa kuitumia kwa nini, na anaweza kumwambia nani.
- Muda wa kunyamaza.
- Dili ikikufa, anarudisha ama anafuta kila kitu.
- Vitu zenye si siri: zile ziko wazi, ama alizijua kabla yako.
- Tarehe na sahihi. Kila mtu abaki na kopi.

Si tuliongea tu kiushikaji?

Muulize Nkosana Makate wa Afrika Kusini. 2000, akiwa Vodacom, alileta wazo lenye lilikuja kuwa Please Call Me. Bosi akamwahidi kwa mdomo kwamba atalipwa. Alifungua kesi 2008, na ni 2016 ndio Mahakama ya Katiba ilisema ahadi hiyo inaibana kampuni. Baada ya hapo vita ya "ni ngapi" ikaendelea kwa miaka mingine. Ahadi ya mdomo inaweza kusimama, lakini kuithibitisha itakumaliza.

Mahali NDA inafika mwisho

Haiwezi kuficha uhalifu. Haiwezi kurudisha siri yenye ulishaanika TikTok. Na wawekezaji wengi hukataa kusaini kwa mkutano wa kwanza, juu wanaona mawazo ya kufanana kila wiki. Hapo waonyeshe kitu yako inafanya nini, usiwaonyeshe inafanyaje.

Na kama ni wewe umeletewa usaini?

Soma yote. Kunyamazia siri za bosi ni sawa. Lakini ukiona kipengele kinakukataza kufanya kazi na washindani wake, hiyo ni stori ingine, na korti za Kenya zinaweza kuikataa kama imepita kiasi. Ujuzi wenye umepata kazini ni wako. Orodha yake ya wateja si yako.

Kama doh ni refu, lipa wakili aipitie. Kama ni ndogo, karatasi mbili zenye sahihi bado zinashinda kuaminiana tu. Saini kwanza, bonga baadaye.