Kaye yenye jina: somo linalobebeka Pinga

Mwaka 1956, katika kijiji cha Bese, nchi ya Wanyanga, mashariki mwa Kongo, She-Karisi Rureke alisimulia habari za shujaa Mwindo kwa siku 12, akiimba, akicheza na kuigiza. Mbelgiji Daniel Biebuyck na wasaidizi wake walikaa wakiandika kwa mkono yote aliyoyatamka. Kitabu kilitoka mwaka 1969, Biebuyck akishirikiana na Kahombo Mateene, mwana wa Unyanga mwenyewe.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi Pinga, upande wa Walikale. Ukivuka mpaka tu, uko Masisi. Nikiwasimulia wanafunzi habari hiyo, hawaulizi sana juu ya kitabu. Wanauliza zile kaye, yaani madaftari, zilizoandikiwa masimulizi hayo zilienda wapi. Nawaelewa. Kwetu mtoto hujitengenezea kitabu chake kwa biki yake.

Ndivyo ilivyokuwa tangu shule za misheni za wakati wa Wabelgiji. Kitabu mara nyingi kilikuwa kimoja, kikilala mezani kwa mwalimu. Mwalimu alikihamishia ubaoni, mtoto akakihamishia kwenye kaye. Mtihani wa Taifa wa mwisho wa sekondari ulipoanzishwa mwaka 1967, kaye ilipanda thamani: maswali ni yale yale kwa nchi nzima, na mtahiniwa wa huku kwetu hana duka la vitabu. Ana kaye zake za miaka ya nyuma, na za kaka au dada aliyemtangulia, zikiwa zimefungwa kamba pamoja.

Itazameni kaye moja kwa karibu. Jalada limevikwa karatasi ya mfuko wa simenti ili mvua isiliharibu. Mbele kuna jina, darasa, shule, mwaka. Nyuma, kiwandani kwenyewe, wamepiga chapa jedwali la kuzidisha, na watoto wengi wamelijulia hapo. Ndani, vichwa vya masomo ni vyekundu, maandishi ni ya buluu, na chini ya ukurasa mwalimu ameandika "Vu", yaani imeonwa, na kutia sahihi. Lakini chukua kaye mbili za watoto wa benchi moja, na hutapata zinazofanana. Huyu aliugua malaria wiki ya sehemu na desimali, kurasa zake ziko wazi. Yule amechora moyo na mapafu vizuri kuliko nilivyochora mimi ubaoni. Huyu mwingine amejiandikia pembeni kwa Kihunde maana ya neno la Kifaransa lililomshinda. Wataalamu wakizungumzia nyenzo inayomfuata kila mwanafunzi kwa hali yake, mimi naona kaye hizo.

Vita vya 2012 na 2013 ndivyo vilivyonionyesha uzito wake. Watu waliihama Pinga kwa mafungu, wengine wakishika njia ya Mpeti, Kalembe na Mweso. Benchi, ubao na rejista vilibaki. Kaye ziliondoka ndani ya vitambaa, pamoja na sufuria na nguo. Watoto waliofika kwangu bila buleteni yao ya alama niliwapanga darasani kwa kufungua ukurasa wa mwisho walioandika: tarehe, somo, zoezi lililokatikia katikati. Hapo ndipo tulipoanzia. Kwa mtoto aliyefika mikono mitupu ilinibidi nibahatishe, na kubahatisha darasa la mtoto ni kumwibia mwaka.

Elimu ya mtandao iliingia kwa mlango wa korona. Shule zilipofungwa Machi 2020, masomo yalipita kwenye Radio Okapi, na kwenye simu kupitia VodaEduc ya Vodacom. Ilikuwa kazi njema. Ila somo la redio likishapita limepita, na somo la simu linataka mtandao ushike. Kwa hiyo watu walifanya kama walivyofanya na nyimbo: mmoja akilipata faili mjini, analihifadhi kwenye kadi ya memori, analileta, wengine wanarushiana kwa Bluetooth.

Tangu hapo nami naandaa karatasi za mazoezi kwenye simu. Baada ya jaribio, kila mtoto anapata yake, jina lake juu, mazoezi ya pale alipokosea yeye. Wazo hilo ni la zamani: huko Winnetka, Marekani, Carleton Washburne alisimamia shule kuanzia 1919 ambamo kila mtoto alikuwa na vitabu vya mazoezi vya kujisahihisha, akaenda kwa mwendo wake. Mimi naliandika faili bila picha ili liwe jepesi. Asiye na simu nyumbani nampa niliyoipiga chapa, au ananakili kwenye kaye kutoka simu ya jirani.

Kampuni na wizara zinaweka masomo mengi mtandaoni sasa, na mengi yanafunguka tu ukiwa umeunganishwa. Nawaomba waweke chini ya kila somo kitufe cha kupakua, faili dogo lisilozidi uzito wa wimbo mmoja, mstari wa jina la mwanafunzi na mstari wa tarehe, na nafasi nyeupe pembeni ya kutosha kuandikia Kihunde, Kinyanga au Kiswahili. Mwalimu atakayempokea mtoto huyo Mweso au Goma atajua amefika wapi.